Nani anamsomesha docta wa ugumba wa Kalengera?

Ndugu na dada, tamko hili linahusu jambo ambalo kwetu linasemwa kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba, bamama wakiosha sahani: watu waliooana na hawapati mtoto. Sisi vijana wa kikundi cha Kalengera, ambao wengi wetu tunaishi Goma tangu vita vilipotushusha kwa barabara ya Rutshuru, tulikaa juu ya jambo hili jioni nyingi, na tumefika kwenye msimamo mmoja. Tunataka Leta, vyuo vikuu vyetu na Baraza la Madaktari wachague madocta wachache wa magonjwa ya wanawake walioko Kivu, wawasomeshe utaalamu wa homoni za uzazi na ugumba, halafu wawarudishe huku pamoja na vyombo vya kazi. Hatuombi jengo kubwa la vioo. Tunaomba watu waliosoma.

Tunajua wengine mtasema: vita iko hapa, uwanja wa ndege umefungwa, benki zilifungwa tangu Goma ilipochukuliwa Januari 2025, na nyinyi munazungumza juu ya ugumba? Tulijiuliza sisi wenyewe hilo. Lakini angalieni vile vita inafanya kazi ndani ya mwili wa mtu. Mwaka 2023 peke yake, Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia zaidi ya watu 25,000 walionajisiwa katika Kongo, na wengi sana kati yao walikuwa Kivu ya Kaskazini, kwenye kambi zilizozunguka mji wetu. Mwanamke akipata kisonono au klamidia siku ile, na asifike hospitali kupewa dawa, mara nyingi hasikii kitu. Homa kidogo, maumivu ya tumbo, yanapita. Ndani, ugonjwa unapanda polepole mpaka kwenye mirija ya uzazi, unaiunguza, unaacha kovu, na kovu linafunga njia. Miaka mitano baadaye kambi imebomolewa, watu wamerudi kwenye mashamba yao, na yeye anahesabu miezi. Hakuna anayekumbuka tena kuunganisha hayo mawili.

Na si kunajisiwa peke yake. Kuna waliojifungua chini ya hema la plastiki kule Kanyaruchinya, bila maji safi, wakabaki na homa ya uzazi wiki nzima. Mtoto wa kwanza yuko, anakimbia, ana afya. Wa pili hafiki. Huo nao ni ugumba, hata kama majirani wanasema, ah, huyu si alishazaa? Katika Afrika yetu, ugumba wa namna hiyo, unaokuja baada ya mtoto wa kwanza au baada ya mimba kuharibika, ni wa kawaida sana.

Jibu lingine tunalopewa ni kwamba Kongo inazaa kupita kiasi, kwa hiyo tatizo ni kinyume. Ni kweli kwamba uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa mwanamke mmoja. Lakini hesabu ya nchi haimfariji mtu yeyote. Tena kadiri wengine wanavyozaa sana, ndivyo asiyezaa anavyoonekana zaidi. Pale Kalengera mwanamke akizaa jina linabadilika, anakuwa Mama Furaha, Mama Espérance, Mama Bahati. Asiyezaa anabaki na jina la kwao mpaka uzeeni. Kwenye sherehe ya mtoto wa jirani wanampa kazi ya jikoni, kumbeba mtoto hapana. Ikifika miaka mitatu, minne, mama mkwe anaanza kuuliza mali iliyotolewa ilikuwa ya nini. Mukaramwana anaitwa ngumba hata mbele ya watoto wa shemeji. Mwaka wa sita mwanaume analetewa bibi mwingine, na yule wa kwanza anarudi kwa kaka zake na mfuko mmoja wa nguo. Shamba alilolima miaka yote hiyo linabaki kwa watu wa bwana.

Hapo hatujasikia bado neno la docta.

Kabla ya docta kuna mzunguko mrefu. Kuna dawa ya miti. Kuna vyumba vya maombi, siku tatu kavu, siku saba kavu, na sadaka. Hatutukani maombi, wengi wetu tunasali. Tunasema tu kwamba mrija uliofungwa na kovu ni kama mtaro uliofungwa na mawe ya volkano, lazima mtu auangalie. Kuna watu wa farmasi wanaouza sindano ya «kusafisha tumbo» bila kipimo hata kimoja. Siku hizi kuna na majani ya chai yanayotangazwa kwenye simu, eti yanafungua mirija kwa siku 21. Mwishoni, makuta yakiisha, watu wanapanda basi mpaka Goma, chini ya kilomita 70 lakini na vizuizi vyote mnavyovijua, wanafanya ekografi, wanaambiwa «hatuoni tatizo», wanarudi.

Na anayepimwa ni mwanamke tu! Hapa tusimame kidogo, maana wengi wanaosoma ukurasa huu ni vijana wa kiume wa Birere, Majengo, Katindo, Ndosho. Katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu zina tatizo upande wa mwanaume, akiwa peke yake au pamoja na la mke. Kipimo chake cha kwanza ni rahisi kuliko vyote: manii kwenye kikopo kisafi, mikroskopu, na mtu anayejua kuhesabu. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuongoza kipimo hicho mwaka 1980, na chapa ya sita ilitoka 2021. Miaka 40 na zaidi, kitabu kimeandikwa upya mara tano, na huku kwetu mwanaume bado anasema «mimi? mimi niko sawa». Mke anakunywa dawa miaka minane kwa ugonjwa ambao hana.

Sasa tuje kwenye neno la docta mtaalamu, maana wengi hawajui kama yupo. Mtu anasoma udaktari miaka sita au saba, anatoka docta wa kila kitu. Akitaka kuwa docta wa wanawake na uzazi, anaongeza miaka minne au mitano. Huyo ndiye tunayemwita jinekolojisti, na hapa Goma wako, wanafanya kazi ngumu usiku na mchana: kupasua mama ambaye mtoto amekwama, kusimamisha damu, kushona fistula. Lakini juu yake kuna ngazi nyingine. Marekani, baada ya miaka minne ya jinekolojia, anayetaka ugumba na homoni za uzazi anasoma miaka mitatu tena, na mtihani wake uko peke yake. Afrika Kusini kuna cheti chake pekee kinachotolewa na chuo cha wataalamu wa nchi ile. Ni kazi ya kusoma jinsi ubongo unavyotuma amri kwenye ovari, kwa nini yai halipevuki, jinsi ya kuingiza kamera ndogo tumboni kuangalia mirija, jinsi ya kuosha manii, jinsi ya kusimamia labo ambamo mimba inatungwa nje ya mwili. Na, kitu ambacho watu wanasahau, kusoma lini pa kusimama: kumwambia mtu ukweli kwamba njia hii haitafanikiwa, asiuze ng'ombe wa mwisho.

Kuna mmoja kati yetu aliuliza swali zuri sana kwenye mkutano: kama chanzo kikubwa ni magonjwa ya zinaa na homa za uzazi, si infirmye mwenye dawa nzuri anatosha? Juu ya nini tulipe masomo ya gharama kubwa?

Swali hilo lina historia ndefu kwenye nchi hii, na inafaa kuijua. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na sehemu za Kongo, kama Tshuapa na Uele, ambako wanawake wengi hawakuzaa kabisa. Wakoloni waliogopa, si kwa huruma, waliogopa kukosa watu wa kazi kwenye mashamba na machimbo. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu ulifanyika 1955 mpaka 1957, na mtaalamu Anatole Romaniuk akaandika juu ya tofauti ile: Kivu ilikuwa inazaa sana, kule hapana. Maneno mengi yalisemwa juu ya mila, juu ya tabia, juu ya huzuni ya makabila. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa kisonono na magonjwa ya aina hiyo. Mwaka 1985 jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi, na ikaonekana wazi kwamba Afrika iko tofauti: kwa wanawake wetu, maambukizi ndiyo yanayofunga mirija kuliko mahali pengine popote.

Kwa hiyo ndiyo, dawa ya mapema inazuia mengi. Tunaidai kila siku, kituo cha afya kisikose dawa za zinaa, na mtu aliyenajisiwa afikiwe kabla ya saa 72. Lakini hiyo ni ya kesho. Yule ambaye mirija yake ilishafungwa mwaka jana, infirmye hawezi kumfungulia kwa vidonge. Na kuna wale ambao shida yao si maambukizi hata kidogo. Mwanamke ambaye mwezi wake unakuja mara tatu kwa mwaka, ndevu kidogo kidevuni, uzito unapanda, huyo homoni zake haziko kwenye mstari, na wengi wa namna hiyo wanapata mimba kwa vidonge vya bei ndogo kama letrozoli, mradi kuna mtu aliyesoma anayejua nani apewe, siku gani, na nani asipewe. Bila huyo mtu kidonge kiko farmasi na mwanamke yuko chumba cha maombi.

Chukua mfano wa tezi ya shingo. Miaka ya 1960 watafiti Wabelgiji walikwenda kisiwa cha Idjwi, hapa hapa kwenye ziwa letu, juu watu wengi sana walikuwa na rovu, na watoto wengine walizaliwa na akili na mwili vilivyodumaa. Walikuta udongo na chakula havina iodini ya kutosha, na muhogo usiolowekwa vizuri unaongeza shida. Chumvi yenye iodini imebadilisha mambo mengi. Lakini tezi ile ile ikilegea, mwezi unavurugika na mimba zinatoka. Ni kipimo cha damu na kidonge kimoja kwa siku. Watu wa Kivu waliandikwa kwenye vitabu vya dunia vya homoni kabla wazazi wetu hawajaoana, na mpaka leo anayetaka kusomea homoni za uzazi lazima avuke mpaka.

Halafu kuna msichana wa miaka 17 ambaye hajawahi kuona mwezi. Huyu tunamuwaza sana. Nyumbani wanasema amerogwa, au wanamficha, au wanamuoza haraka ili «mwili ufunguke». Inaweza kuwa njia imezibwa na ngozi tu na inafunguliwa kwa upasuaji mdogo. Inaweza kuwa alizaliwa bila kizazi. Inaweza kuwa ovari hazikukua, na akipewa homoni mapema mifupa yake itabaki na nguvu. Kila moja ina njia yake, na kosa moja linaharibu maisha. Anayefundishwa kutofautisha hayo yote ndiye huyu docta tunayemuomba. Ugumba ni sehemu moja tu ya kazi yake. Hata mama mwenye saratani anayepewa dawa kali, yeye ndiye anayejua kama kuna namna ya kulinda mayai yake.

Watu wakisikia haya wanafikiri ni mambo ya Wazungu. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, ni kweli. Lakini Kampala ilipata wake mwaka 2004, kwenye kliniki ya Bukoto ya Docta Edward Tamale Sali. Nairobi ilifuata 2006. Ni majirani. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wakati viongozi wanapiga picha, wakubwa wa Goma wenye makuta walikuwa wanajua njia ya Kampala tangu zamani. Wanakwenda kimya, wanarudi na mapacha, tunasema Mungu mkubwa. Bei ni maelfu ya dola kwa kujaribu mara moja tu, na mara moja mara nyingi haitoshi. Kwa mtu wa Kalengera anayeuza maharagwe na mihogo barabarani, hiyo si bei, ni tusi.

Njo maana hatutaki suluhisho liwe kliniki ya kibinafsi nyingine. Mfano unaotuvutia uko Addis Ababa. Pale kuna hospitali ya umma inaitwa St. Paul's. Ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani, na mwaka 2019 ikafungua kituo cha ugumba ndani ya hospitali ya serikali. Kitu cha maana kwetu si mashine. Ni kwamba walianzisha na masomo yenyewe hapo hapo: majinekolojisti Waethiopia wanasomea utaalamu huu kwao, juu ya wagonjwa wa kwao, na walimu ndio wanaosafiri. Michigan hao hao walishafanya kitu karibu na hicho Ghana tangu 1989, kusomesha majinekolojisti ndani ya Ghana badala ya kuwapeleka Ulaya. Zamani waliopelekwa wengi hawakurudi. Waliosomea nyumbani, karibu wote walibaki nyumbani. Hilo ndilo somo kubwa kwa wanaogawa bursa Kinshasa: ukimtuma mtu mbali miaka mitano bila mpango, umempatia nchi nyingine zawadi.

Na huku Mashariki tunajua hiyo inawezekana, tulishaiona. Denis Mukwege alikuwa docta wa watoto pale Lemera. Aliona bamama wanakufa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea jinekolojia, akarudi. Lemera ikashambuliwa 1996, akaanza tena Panzi, Bukavu, 1999. Leo watu wanakuja Panzi kujifunza upasuaji wa fistula. Hapa Goma HEAL Africa ilichomwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, ikajengwa tena, na bamama wa fistula wanashonwa pale na mikono ya Wakongomani. Miaka 30 iliyopita fistula nayo ilikuwa kitu cha kuficha, mwanamke akikaa nyuma ya nyumba peke yake na harufu yake. Mtu mmoja alisoma, akafundisha wengine. Hivi hivi tu.

Sasa kuhusu pesa na nani anaamua. Mke wa Rais, Mama Denise Nyakeru Tshisekedi, ni balozi wa kampeni ya Merck Foundation inayoitwa «More Than a Mother», yaani mwanamke ni zaidi ya kuwa mama. Taasisi ile inalipia masomo ya madocta Waafrika, pamoja na ya ugumba na ya labo ya kutunga mimba. Ni jambo jema na tunalisema bila kejeli. Lakini tunaomba kitu kidogo: orodha. Ni madocta wangapi Wakongomani walipata bursa hizo, walisomea nini, wanafanya kazi wapi leo, na wangapi wanatoka au wanarudi Kivu. Iwekwe hadharani, bila majina kama ni lazima, mkoa kwa mkoa. Kwenye nchi hii bursa isiyo na orodha inaishia kwa mtoto wa mkubwa.

Sheria haitukatai. Katiba, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Kongo ilitia saini Mkataba wa Maputo juu ya haki za wanawake, na ukachapishwa kwenye gazeti rasmi 2018. Mwaka huo huo, Desemba, ikatoka sheria mpya ya afya ya umma. Septemba 2023 mpango wa kuzaa bure ulizinduliwa Kinshasa, na tulishangilia. Ila tuseme ukweli: «afya ya uzazi» kwenye midomo ya wakubwa ni vitu viwili tu, kupanga uzazi na kujifungua. Asiyeweza kushika mimba hayumo. Anapita katikati ya miradi yote kama maji kwenye kikapu.

Tunachodai, basi. Baraza la Madaktari na chama cha majinekolojisti wa Kongo wazungumze na Addis, na Nairobi, na Afrika Kusini, wapatane juu ya nafasi za masomo kwa madocta wa Kivu, hata wawili tu mwanzoni, mmoja wao awe mwanamke, maana kuna mambo mukaramwana hatayasema kwa mwanaume. Uchaguzi ufanyike kwa mtihani wa wazi. Anayekwenda atie saini ya kurudi kufanya kazi hapa miaka kadhaa, na Leta nayo itie saini ya kumlipa. Hii ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza: sote tunajua madocta wenye miaka ya kazi ambao hawajawahi kuona mshahara kamili, na migomo yao hatuihesabu tena. Pamoja naye asomeshwe mtu wa labo, maana docta wa ugumba bila mtu wa labo ni dereva bila gari. Na wakati tunawangoja, infirmye na madocta wa hospitali kubwa kama Rutshuru wafundishwe mambo ya mwanzo: kupima wote wawili, mke na bwana, kusoma kipimo cha manii, kutambua nani atumwe mbele na nani atibiwe pale pale.

Kuna anayeuliza, mutamdai nani, Kinshasa au wanaoshika mji leo? Tunajibu bila kuzunguka. Diploma na bursa za nchi ziko Kinshasa, kwa hiyo dai linakwenda Kinshasa. Wanaoshika barabara na mipaka, kutoka Kalengera mpaka Goma, wasimzuie docta, mgonjwa wala dawa, wala wasiweke ushuru juu ya yeyote kati yao. Na asiwepo wa upande wowote wa kumgeuza docta huyu bendera yake.

Kwenu nyinyi mnaotusoma kwenye simu, kuna ambayo hayangoji bursa. Ndugu, ukioa na mwaka mmoja ukapita bila mimba, nenda upimwe wewe kwanza, kikopo hakiumi. Dada, maumivu ya chini ya tumbo na uchafu usio wa kawaida si mambo ya kuvumilia. Acheni kusambaza matangazo ya chai za siku 21. Na siku mtu akisema neno ngumba kwenye meza yenu, mwambieni anyamaze, hata kama ni shangazi; na heshima, lakini mwambieni.

Barua yenye maswali yetu inapelekwa kwa Baraza la Madaktari, kwa chama cha majinekolojisti na kwa ofisi ya Mama Rais, ikiwa na sahihi za vijana wa Kalengera, wale walioko kijijini na wale walioko Goma. Anayetaka kuongeza sahihi yake aongee na mwenzetu wa kartié yake kabla ya mwisho wa mwezi. Majibu tutayaweka hapa hapa kwenye ukurasa, neno kwa neno, na kama baada ya miezi mitatu hakuna jibu, tutaandika tarehe na kusema hakuna jibu.